Nambari Moja na Jamaa Zake

Mzungumzaji wa Kiswahili akiulizwa ni watu wangapi waliohudhuria arusi ya jirani, ni nadra ajibu kwa nambari moja kavu. Atasema walikuwa yapata mia mbili, au mia mbili na ushei, au baina ya mia mbili na mia mbili na hamsini hivi. Lugha imemrithisha msamiati mpana wa kukadiria: takriban, karibu, kiasi cha, wapatao, hivi. Kila mojawapo ya maneno haya humjuza msikilizaji kwamba nambari iliyotajwa haiko peke yake. Ina jamaa zake wa kulia na wa kushoto, na yamkini mmoja wao ndiye aliyestahili kutajwa. Hakuna amwonaye msemaji huyo kuwa mjinga. Kinyume chake, anayeshikilia kwamba arusini walikuwapo watu 217 ndiye atakayetazamwa kwa jicho la shaka, na pengine aulizwe kama alikwenda kula pilau au kuhesabu vichwa.

La ajabu ni kwamba msemaji huyo huyo, akishaketi mbele ya tarakilishi na kuiamrisha programu ya lahajedwali imchoree grafu, maneno hayo yote huyaacha mlangoni. Anaingiza wastani wa kila kundi, anabofya mara mbili tatu, na upau mmoja mnene unasimama wima mbele yake, kichwa chake kimekatwa sawasawa kama kwa msumeno. Upau huo hausemi "yapata". Hausemi "na ushei". Unasema 49, na aliye na macho na aone.

Nambari hiyo 49 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika majira ya baridi ya mwaka 1996 hadi 1997, bonde la mto Red River, ambao hutenganisha majimbo ya North Dakota na Minnesota nchini Marekani kabla ya kuelekea kaskazini hadi Kanada, lilipigwa na dhoruba nane kuu za theluji. Theluji ikayeyuka, mto ukaanza kufura, na wakazi wa mji wa Grand Forks, pamoja na wenzao wa East Grand Forks ng'ambo ya pili, wakangoja kuambiwa maji yangefika wapi. Idara ya taifa ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kutoa makadirio yake tangu Februari. Yalikuwa mawili: futi 47.5 iwapo hapangenyesha tena, na futi 49 iwapo mvua na theluji zingekuwa za kiasi cha kawaida. Mafuriko makubwa yaliyokumbukwa na wengi, ya mwaka 1979, yalikuwa yamefika futi 48.8, na mji ulinusurika. Kingo za kuzuia maji zilikadiriwa kuhimili futi 51. Kwa hesabu ya mtu wa kawaida, palibaki futi mbili za salama. Watu wakajaza mifuko ya mchanga kulingana na hesabu hiyo.

Mto ulifika futi 54.35. Maji yalipita juu ya kingo tarehe 18 na 19 Aprili 1997. Watu wapatao 50,000 walilazimika kuyahama makazi yao, na kana kwamba hayo hayakutosha, moto ulizuka katikati ya mji uliokwisha kufurika na kuyateketeza majengo kumi na moja, wazima moto wakiwa wamezungukwa na maji wasiyoweza kuyatumia ipasavyo.

Roger Pielke, msomi aliyechunguza mkasa huo katika makala yake ya mwaka 1999, alibaini jambo ambalo kila mchora grafu hana budi kulitafakari. Nambari zile mbili zilisomwa kwa namna tofauti na watu tofauti. Wapo walioichukua 49 kuwa ndicho kilele ambacho maji yasingeweza kukipita. Wapo waliodhani kwamba 47.5 na 49 ni ncha mbili za upana wa yanayowezekana, na kwamba mto ungetua mahali fulani baina yake. Wapo walioamini kuwa 49 ni nambari kamili, sawa na tarehe ya mtihani. Waliotoa makadirio hawakuwa wamekusudia lolote kati ya hayo. Naye Nate Silver, katika kitabu chake The Signal and the Noise cha mwaka 2012, anaeleza kwamba kwa kuzingatia jinsi makadirio ya aina hiyo yalivyowahi kukosea hapo awali, 49 ilipaswa kusomwa pamoja na futi tisa juu yake na futi tisa chini yake. Anaongeza kwamba watabiri walisita kuutaja mkengeuko huo hadharani kwa kuchelea umma usije ukapoteza imani nao.

Msomaji na auchore mchoro huo akilini. Mstari wa mlalo umewekwa kwenye futi 51, nao ni kimo cha kingo. Katika mchoro wa kwanza kuna nukta moja kwenye 49, chini kidogo ya mstari, imetulia. Katika mchoro wa pili nukta iko pale pale, ila kijiti kimepitishwa katikati yake kutoka 40 hadi 58, na kijiti hicho kinaukata mstari wa kingo na kuuacha mbali chini. Takwimu ni zile zile. Mwenye nyumba kando ya mto akionyeshwa mchoro wa kwanza atalala. Akionyeshwa wa pili ataanza kufungasha vyombo, au walau atakwenda kuuliza bima ya mafuriko inauzwa wapi. Silver anakadiria kwamba uwezekano wa maji kupita juu ya kingo ulikuwa kama asilimia 35. Hakuna mzazi ambaye angempandisha mtoto wake katika matatu yenye uwezekano huo wa kupinduka.

Kwa upande wa ufundi, kuuonyesha upana wa thamani si kazi ngumu, ingawa programu za tarakilishi kwa muda mrefu zimeifanya ionekane kuwa ya ziada, mfano wa achari pembeni mwa sahani. Mary Eleanor Spear, mchoraji chati wa serikali ya Marekani, alikwisha kuchapisha mwaka 1952 upau ulioanzia kima cha chini na kuishia kima cha juu, sehemu yake ya katikati ikiwa imenenepeshwa kuonyesha walipo wengi. John Tukey akaliendeleza wazo hilo, na kitabu chake cha mwaka 1977 kikaueneza mchoro ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa sanduku na sharubu. Sanduku hubeba nusu ya data iliyo katikati; mstari ulio ndani yake huigawa data mafungu mawili yaliyo sawa; sharubu hunyooka kuelekea pembezoni; na zile thamani zilizojitenga mno huachwa nje zikiwa nukta, mithili ya wageni waliokosa viti. Licha ya umaarufu wake miongoni mwa wanatakwimu, mchoro huo haukuwamo katika orodha ya chati za Excel hadi toleo la 2016. Kabla ya hapo ilibidi mtu atumie hila. Alipanga mfululizo wa kwanza uwe kima cha chini, mfululizo wa pili uwe tofauti kati ya kima cha juu na cha chini, akaubebesha wa pili juu ya wa kwanza, kisha akaufuta rangi ule wa chini usionekane. Upau wa juu ukabaki unaelea hewani. Wengi wangali wanaitumia hila hiyo hadi leo, nayo haina ubaya wowote.

Ubaya uko kwengine. Programu hiyo hiyo humpa mtumiaji vijiti vya kubandika juu ya kila upau ili kuonyesha mkengeuko, na miongoni mwa machaguo yake limo la kosa sanifu. Mwanafunzi aliyebanwa na tarehe ya kuwasilisha tasnifu hulibofya, vijiti vikajitokeza, vyote vya urefu mmoja, naye akaridhika. Hakutambua kwamba programu haijui lolote kuhusu wahojiwa thelathini waliozaa kila wastani. Imeviona vile vichwa vya pau tu, ikakokotoa kiasi kimoja kutokana na tofauti zilizopo kati ya vichwa hivyo, na kukigawa kwa wote sawa kama sare ya shule. Dawa yake ni kuvikokotoa vipimo vya kila kundi mwenyewe na kuviingiza kupitia chaguo la viwango maalumu. Ni kazi ya dakika kumi. Tasnifu ngapi zimepitishwa na vijiti vile vya sare bila mtahini kuuliza swali, ni suala linalostahili kuchunguzwa.

Huenda msomaji akajiuliza haya yanawahusu nini watu wa Kiswahili, ambao wengi wao walikimbilia lugha kwa nia ya kuziepuka hesabu. Yanawahusu sana. Itazame irabu. Vitabu vya fonetiki huzionyesha irabu tano za Kiswahili zikiwa nukta tano zilizopangwa vizuri katika umbo la ulimi: [i] mbele juu, [u] nyuma juu, [a] chini kabisa, nazo [e] na [o] katikati. Picha hiyo humsaidia anayeanza kujifunza. Lakini mtafiti akirekodi sauti za watu halisi, akazipitisha katika programu ya Praat iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam, na kupima mwangwi wa njia ya sauti kwa kila tamko, hazioni nukta tano. Anaona mawingu matano. [a] ya mtoto haikai ilipo [a] ya babu yake, na hata mtu mmoja hairudii [a] yake mahali pale pale asubuhi na jioni. Gordon Peterson na Harold Barney walilidhihirisha hilo kwa irabu za Kiingereza mwaka 1952, walipowapima wasemaji 76, wanaume, wanawake na watoto, na kuyazungushia mistari mafungu ya kila irabu. Mistari hiyo iliingiliana. Pana sehemu katika mchoro wao ambapo kipimo kimoja kinaweza kuwa cha irabu hii kwa msemaji mmoja, na cha irabu ile kwa msemaji mwingine.

Laiti wangechora nukta za wastani pekee, ugunduzi huo usingeonekana. Aidha, mtafiti wa lahaja anayetaka kulinganisha irabu za Kimvita na za Kiamu, au matamshi ya Kiswahili cha Nairobi na cha Mombasa, akichora wastani wa kila upande atapata nukta mbili zilizoachana kidogo na kuandika kwa furaha kwamba lahaja zinatofautiana. Akichora upana wake huenda akakuta wingu moja limelala juu ya jingine, na alichokiita tofauti ya lahaja ni tofauti ya wasemaji wawili watatu. Hapo ndipo hitimisho zima la tasnifu linapoponea au kuangamia.

Chukua pia mfano wa walimu, maana aghalabu ya wasomaji wa kurasa hizi watakuwa walimu. Mikondo miwili ya kidato kimoja imefanya mtihani wa insha, na yote miwili imepata wastani wa 55. Katika mkondo wa kwanza alama zinaanzia 48 hadi 62. Katika wa pili zinaanzia 12 hadi 93. Chati ya kawaida inayobandikwa katika chumba cha walimu itaonyesha pau mbili pacha. Mkuu wa idara atapita, atatikisa kichwa kwa kuridhika, na yule mwanafunzi wa 12 atabaki amezikwa ndani ya upau, na yule wa 93 pia, kila mmoja akihitaji mwalimu wa aina yake.

Magazeti nayo hayajasalimika. Kura za maoni za mwisho kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya ziliwaonyesha wagombea wawili wakuu wa urais wakipishana kwa pointi chache mno. Sampuli ya watu 1,000 iliyoteuliwa kwa nasibu huwa na mkengeuko wa kama pointi tatu kila upande, kwa hiyo anayetajwa kupata 45 huenda yuko popote kati ya 42 na 48, na mpinzani wake wa 43 yuko kati ya 40 na 46. Kwa lugha ya arusini, wako sawa. Kwa lugha ya pau, mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe, basi ameshinda. Ghasia zilizofuata uchaguzi ule zilikuwa na mizizi mirefu kuliko chati yoyote, na ni kuwakosea waliofikwa na maafa kuitwika grafu mzigo huo. Hata hivyo, si jambo dogo kwamba wafuasi wa kila upande walikwenda kupiga kura wakiwa wamekwisha kuonyeshwa mshindi. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka kiwango cha mkengeuko kitajwe. Haitaki kichorwe; na kwa hivyo aghalabu hutajwa chini ya chati kwa herufi ndogo mno, pale ambapo macho ya msomaji hayafiki.

Isidhaniwe kwamba kuchora upana kunatatua kila kitu. Mwaka 1996 Benki Kuu ya Uingereza ilianza kuonyesha makadirio yake ya mfumuko wa bei kwa mchoro wenye umbo la upepeo: mstari mmoja wa yaliyopita, kisha mikanda ya rangi nyekundu inayotanuka na kufifia kadiri inavyoelekea mbele. Wachumi wakaupachika jina la mito ya damu. Ulisifiwa kwa ukweli wake, ila wengi waliendelea kuusoma kwa kutafuta mstari wa katikati, na mwaka 2024 tathmini iliyoongozwa na Ben Bernanke ilipendekeza uachwe. Kituo cha vimbunga cha Marekani nacho huchora umbo la pia linalotanuka, likionyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita. Limepimwa ili theluthi mbili ya mikengeuko ya miaka iliyotangulia iingie ndani. Mnamo Agosti 2004 kimbunga Charley kilielekezewa Tampa na mstari wa katikati. Kikapiga Punta Gorda, zaidi ya kilomita 100 kusini, ndani kabisa ya pia ile ile, na wapo waliolalamika kwamba walishtukizwa. Wengine hulisoma kwa kosa tofauti: hudhani pia inapotanuka ni kimbunga kinachokua. Wala wataalamu hawana la kujivunia. Utafiti wa Sarah Belia na wenzake wa mwaka 2005 ulibainisha kwamba watafiti waliokwisha kuchapisha katika majarida ya kisayansi walivielewa visivyo vijiti vya mkengeuko walivyovichora wenyewe kila siku. Kijiti kimoja kinaweza kumaanisha mkengeuko wa data, au kosa sanifu la wastani, au upana wa kuaminika wa asilimia 95, na kwa macho vyote ni kijiti. Asiyeandika chini ya mchoro ni kipi kati ya vitatu, hajasema kitu.

Na hapa ndipo wanaistilahi wanapohitajika kuliko mafundi wa tarakilishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, Jambo OpenOffice, na ukathibitisha kwamba menyu za tarakilishi haziko nje ya uwezo wa lugha hii. Lakini istilahi za upana wa thamani zingali zinayumba. Wapo wanaotumia "masafa". Neno hilo tayari lina kazi nzito katika fonetiki na fizikia, ambako ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mtafiti wa irabu atakayeandika "masafa ya masafa" atakuwa amejichongea. Wapo wanaotumia "kosa" kwa vile vijiti, na msomaji akadhani mtafiti anaungama dhambi, ilhali anatoa taarifa. "Mkengeuko" ni afadhali, ijapokuwa nalo lina harufu ya utovu wa maadili.

Lenye hatari kuliko yote ni "upeo". Katika Kiswahili cha kila siku upeo ni mwisho wa kitu, ukomo wa macho, mahali ambapo hapana tena mbele. Mwandishi akisema upeo wa makadirio ni futi 47.5 hadi 49, Mswahili yeyote atasikia kwamba maji hayapiti 49. Ndivyo hasa walivyosikia baadhi ya watu wa Grand Forks, kwa lugha nyingine. "Upana wa thamani", pamoja na "kima cha chini" na "kima cha juu" kwa ncha zake, ni maneno ya kawaida ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anayaelewa, na hayaahidi kwamba nje ya ncha hizo hakuna kitu. Kwa ile nambari ya katikati, "yapata" inatosha. Hakuna sababu ya kuikataza isiingie katika maelezo ya chini ya chati, wala hakuna kamati inayohitajika kuipitisha.

Mji wa Grand Forks ulijenga upya kingo zake, ndefu zaidi, na kuyaacha maeneo ya karibu na mto yawe bustani badala ya makazi. Mwaka 2009 mto ulipanda ukapita futi 49, na mwaka 2011 ukapita tena, bila kuuingia mji. Kando ya maji imesimamishwa nguzo ya ukumbusho yenye alama za vimo vya mafuriko ya miaka mbalimbali. Ya mwaka 1997 iko juu kuliko ya 1979 kwa zaidi ya futi tano, na mtu mzima akisimama chini ya nguzo hiyo hulazimika kuinua uso ili aione.